Nyumba Tuliyomjengea Mzungu

Mwenye nyumba wetu wa Katubuka, mjini Kigoma, alikuja Jumapili tukiwa tunakula. Akakaa kwenye kiti tulichompa, akakubali maji, akakataa chakula, kisha akatuomba tumpishe. Hakuwa na ugomvi nasi. Alitusifu kwa utulivu wetu, akawasifu watoto wetu wawili kwa kutochora ukutani. Ila kuna mtumishi wa shirika moja la wakimbizi, alisema, ameitupia macho nyumba, na mtu kama huyo hawezi kuonyeshwa ukuta wa kijani na choo cha kuchuchumaa. Alihitaji mwezi mmoja wa kupaka rangi. Sisi alitupa wiki tatu.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Burundi, na baadaye kutoka Kongo, wengine kwa miguu kupitia milimani, wengine kwa maboti, na serikali ikawapeleka makambini huko bara, mbali na mji. Nyuma yao wakaja wa kuwahudumia, nao hawakupelekwa kambini. Walitaka nyumba mjini, zenye maji, umeme na geti. Kila mwenye nyumba Kigoma akagundua ghafla kwamba wapangaji wake wa siku zote, yaani walimu, manesi na makarani, walikuwa wameikalia bahati yake. Ndani ya miezi michache nusu ya watumishi tuliowafahamu walikuwa wanahama na magodoro yao. Hakuna aliyetuhesabu, maana hatukuvuka mpaka wowote.

Mimi nilikuwa bibi shamba. Mume wangu alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ardhi. Wote tulitoka Dodoma na kuletwa huku kwa barua za uhamisho. Kwa miaka sita alikuwa amechora viwanja vya watu wengine kwa wino mweusi, bila yeye kuwa na mahali pa kuchimba hata shimo la taka. Mwenye nyumba alipoondoka, mume wangu alinawa mikono, akasukuma sahani pembeni, akatoa karatasi na kuanza kuchora. Nilidhani anapiga hesabu ya pa kuweka watoto. Nilipoinama kutazama, alikuwa anachora ukumbi wa mbele wenye nguzo nne.

Kiwanja tulikipata ng'ambo ya Mwandiga, kwenye mteremko, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu. Aliyetuuzia alikuwa bibi mmoja wa Kiha, mjane, mwenye ardhi kubwa kuliko nguvu zake. Alizungumza Kiswahili taratibu, kana kwamba anakipepeta kwanza kabla ya kukitoa. Alituambia mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba anauza ardhi, hauzi michikichi. Katikati ya kipande chetu ilisimama michikichi mitano iliyopandwa na marehemu mumewe. Angeendelea kuja kukata chikichi zake na kukamua mawese yake mpaka siku atakayokufa. Mume wangu aliliandika sharti hilo kwa mwandiko mzuri kwenye karatasi ya mauziano, huku akinitazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa ameshaamua kwamba bibi huyo ni mzee, na wazee hawadumu. Bibi alidumu miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo mume wangu aliugua malaria mara nyingi kuliko yeye alivyokohoa.

Tulianza na kibanda cha vyumba viwili cha kukaa kwa muda, tofali mbichi na udongo, mpaka nyumba yenyewe isimame. Kukiezeka tulitumia turubai. Wakati huo turubai za kambini, ambazo watu waliziita shitingi, ziliuzwa sokoni waziwazi, pamoja na mafuta ya kula ya makopo na blanketi za kijivu. Zilifikaje sokoni, hakuna aliyeuliza, na sisi wa ofisi za serikali tulikuwa wa mbele katika kutouliza. Ya kwetu ilikuwa na nembo kubwa ya buluu. Fundi aliitandika bila kufikiri, nembo ikakaa upande wa njia, na kila apitaye aliisoma.

Sasa niieleze nyumba yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotula ujana.

Mume wangu hakuichora kwa ajili yetu. Aliichora kwa ajili ya mpangaji Mzungu. Sisi tungekaa kwenye kibanda miaka miwili au mitatu, Mzungu angekaa mbele akilipa kodi, na kwa kodi hiyo tungejenga nyingine ya kuishi sisi. Wazo hili hakulitunga peke yake. Kila Jumapili baada ya ibada, watumishi wa serikali walisimama nje ya kanisa na kufundishana Wazungu wanataka nini. Daktari wa mifugo alisema wanataka vyumba vinne hata kama anakaa mmoja. Mhasibu wa ujenzi alisema wanataka nyasi. Mwalimu mkuu mmoja, ambaye aliwahi kualikwa chai na mmoja wao, alisema wanapenda kukaa ukumbini jioni wakitazama ziwa. Mume wangu alirudi nyumbani akaugeuza mchoro wake ili ukumbi uelekee ziwani. Kati ya kiwanja chetu na Ziwa Tanganyika kulikuwa na kilima kizima. Nilimkumbusha hilo. Akanijibu kwa upole kwamba Mzungu akishajua ziwa liko upande ule, atatosheka.

Basi tukajenga, kila mwisho wa mwezi kidogo. Msingi ulikuwa wa mawe na ulikuwa mpana hata watoto waliuchezea mbio. Mwaka uliofuata kuta zikafika madirishani. Jirani upande wa kushoto alikuwa mtumishi wa posta, naye alikuwa anamjengea Mzungu. Upande wa kulia, mtu wa maji, vilevile. Kwenye njia ile moja kulikuwa na nyumba sita za Wazungu ambazo hazijaisha, na nyuma ya kila moja kibanda chenye shitingi, kimejaa watu wanaokwenda kazini kila asubuhi wakiwa wamevaa tai. Wazungu wenyewe hawakuwapo.

Kisha likaja hodhi la kuogea, lile jeupe ambalo mtu hujilaza ndani kama mgonjwa. Ofisi fulani mjini ilikuwa inafunga nyumba yake ya wageni, na mume wangu akalipata hapo. Lilipanda mteremko wetu juu ya mkokoteni, limefunikwa kanga yangu lisichubuke. Hatukuwa na bomba. Maji tulichota kisimani bondeni. Hodhi likawekwa uani, chini ya mchikichi wa kwanza, likisubiri chumba chake.

Siku ya tatu bibi alikuja kukata chikichi. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akainama kutazama tundu la chini. Aliniuliza kama linavuja tukiliziba kwa tambara. Nikamwambia sidhani. Kesho yake asubuhi alikuja na kapu la mihogo iliyomenywa, akaomba aloweke humo ya kutengenezea udaga, ule unga wa ugali wa muhogo. Mume wangu alikuwa kazini, nami nilikubali kabla sijafikiri. Mihogo haijawahi kulowekwa mahali pasafi namna ile. Baada ya mwezi majirani wengine nao walikuwa wanaomba zamu, na mume wangu, aliyekasirika siku ya kwanza, akaishia kusema walau linatunzwa lisipate kutu.

Kwenye nyasi ndiko alikokuwa mgumu. Mbele ya ile nyumba isiyo na paa alikuwa amepanda ukoka, eneo zima, kutoka msingini hadi njiani, na wakati wa kiangazi aliumwagilia kwa ndoo kutoka kisimani kabla ya kwenda ofisini. Hakuruhusu jembe lipite hapo. Mahindi mbele ya nyumba, alisema, yangemfukuza mpangaji. Mimi nilikuwa bibi shamba wa kata nzima. Nilipita kwa watu nikiwaambia wasiache ardhi ikae bure, wapande kwa mistari, wachanganye mahindi na maharage. Kisha nilirudi kwangu nikiwa na fungu la mchicha nililonunua sokoni kwa watu haohao niliowafundisha, nikapita kando ya nyasi zangu. Bibi naye hakuzikanyaga. Alikuwa akizizunguka tu, kama mtu anavyozunguka mkeka wa wenyewe.

Mwaka huo ofisi ilinituma kambini kwa wiki mbili, kufundisha akina mama bustani za mboga na kugawa mbegu. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuhurumia. Nilikuwa na daftari, mabuti na hotuba fupi kuhusu udongo.

Mwanamke wa kwanza niliyepelekwa kwake alikuwa Mrundi wa rika langu, amefika miezi mitano kabla, na watoto wanne. Mume alipotelea njiani. Hayo aliyasema mara moja, kwa kifupi, na sikupata ujasiri wa kuuliza zaidi. Juu ya nyumba yake kulikuwa na shitingi yenye nembo ileile niliyolala chini yake juzi. Lakini kuta alikuwa amezikandika na kuzilainisha mpaka zinang'aa. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Kulikuwa na jiko la nje lenye uzio wa matete, benchi la mgeni, kichanja cha vyombo, na pembeni, kwenye kipande kidogo kisichozidi vitanda viwili, maharage, maboga na mchicha kwa mistari iliyonyooka kuliko ile niliyozoea kuchora ubaoni. Hotuba yangu niliikunja nikairudisha mfukoni.

Tulikaa kwenye benchi. Alikuwa ameokota Kiswahili kwa majirani wa Kongo, kinatosha kwa maongezi. Aliniuliza kama nami nina shamba. Nikasema ninalo, kubwa, na nina karatasi yake.

"Umepanda nini?" akauliza.

Nikamwambia, "Mbele ya nyumba tumepanda nyasi."

Akauliza tena, "Mna ng'ombe wengi?"

"Hatuna ng'ombe."

Alinitazama kwa adabu kubwa, kama tunavyomtazama mtu aliyetoka kusema jambo linaloonyesha ana msiba. Halafu akainuka, akanichumia majani ya maboga, akayafunga kwa ukambaa wa mgomba na kunipa. Niliyapokea kwa mikono miwili. Sijawahi kuona aibu kama ile kabla wala baada. Yeye hakuweza kutoka kambini hata kutafuta kuni bila wasiwasi, na hakujua kama kesho angeambiwa afungashe. Mimi nilikuwa na nchi, mshahara na hati, na nilikuwa nimekaa miaka mitatu kama niliye njiani.

Niliporudi Mwandiga ilikuwa Jumamosi. Nilivua viatu vya safari, nikachukua jembe, nikaanza kung'oa ukoka kuanzia kwenye ngazi za ukumbi. Mume wangu alitoka kibandani. Aliniambia nisimame, kisha akaniambia niwe na akili, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nimeugua huko nilikokwenda. Nikaendelea kulima. Bibi alikuwa juu ya mteremko, akaona, akaenda kwake. Alirudi na jembe lake na mzigo wa vipande vya mihogo vya kupanda, akaanzia upande wa pili. Hatukuzungumza mpaka tukakutana katikati. Hapo ndipo aliponiambia kwamba miaka yote mitatu alidhani nyasi zile ni dawa ya nyumba, ndiyo maana alikuwa hazikanyagi.

Mume wangu alininunia siku tisa. Siku ya kumi mvua ilinyesha, maharage yakatoboa, naye kama mchoraji akashindwa kuvumilia mstari mmoja uliopinda. Nilimkuta na kamba na vigingi, ananyoosha. Tangu siku hiyo alilima nami Jumamosi, ingawa aliendelea kuita pale bustani ya mpangaji.

Mpangaji alikuja msimu huohuo. Dalali wa mtaa wa Kasingirima alileta habari kwamba Mzungu wa shirika moja anatafuta nyumba tulivu nje ya mji, hajali kama haijaisha, yuko tayari kuimalizia mwenyewe na kukata gharama hizo katika kodi. Angekuja Jumamosi saa kumi jioni. Mume wangu alipiga pasi suti yake usiku wa Ijumaa, akaitundika. Asubuhi akasema ana muda wa kupalilia kidogo. Gari jeupe lilifika saa tano, dalali hayumo, na mume wangu yuko katikati ya maharage, kaptura imeshikizwa kwa kamba, miguu ina tope hadi magotini. Mimi nilikuwa nageuza mihogo ndani ya hodhi.

Mzungu alikuwa mwanamume mpole, mwenye kofia pana. Alitazama jengo mara moja. Akatutazama sisi, akatazama kibanda, akaiona nembo. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazini. Akatoa kijitabu mfukoni na kusema na dereva wake, ambaye alionekana mgeni wa mkoa huu kama sisi tulivyokuwa.

"Anauliza mmevuka lini," dereva akasema.

"Tumevuka nini?" mume wangu akauliza.

"Mpaka. Au ziwa. Anauliza kama mmeandikishwa."

Mume wangu alinyooka, akaweka jembe begani, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba yeye ni mtumishi wa serikali. Dereva akatafsiri. Mzungu akatikisa kichwa kwa huzuni, akajibu kwamba anaelewa, wengi wao huko walikotoka walikuwa watumishi wa serikali. Mume wangu akanyoosha kidole kwenye jengo na kusema lile ni lake, amelichora mwenyewe, ndilo alilokuja kuliangalia. Dereva alitafsiri hilo nalo. Jibu lilichukua muda, na dereva alilitoa huku akitazama viatu vyake.

"Anasema msikae karibu nalo na watoto. Linaweza kuanguka."

Kabla hajaondoka aliusifu mchicha wetu, akaandika kitu kwenye kijitabu, akatupungia mkono. Mume wangu alisimama palepale gari lilipomwacha. Baadaye aliingia kibandani, akaitoa suti kwenye msumari, akaikunja na kuirudisha sandukuni. Nilitaka kucheka, nikajizuia, nikaenda kupika.

Siku nne baadaye alikuja mwenyekiti wa kijiji na mgambo wawili na barua yenye muhuri, kwamba kuna taarifa ya wakimbizi wanaoishi nje ya kambi katika eneo letu. Huyu ndiye mwenyekiti aliyeshuhudia mauziano yetu. Watoto wake niliwapa mbegu za nyanya. Nilimsalimu shikamoo akaitikia kama kawaida, akauliza hali za nyumbani, kisha akatuomba tuthibitishe kwamba sisi si wakimbizi. Mume wangu alileta karatasi ya mauziano. Mwenyekiti akaisoma yote, akakubali kwamba saini ni yake, akasema ila karatasi hii inaonyesha mlinunua shamba, haisemi mmetoka wapi. Mume wangu akasema tumetoka Dodoma. Mwenyekiti akasema yeye anajua, lakini barua haijui.

Bibi alikuwa chini ya michikichi yake, anachambua chikichi kapuni. Alikuja akijifuta mikono iliyokuwa myekundu kwa mafuta. Mwenyekiti akamweleza kwa Kiha, kirefu. Yeye akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie.

"Hawa ni majirani zangu. Huyu mama analima. Andika hivyo."

Mwenyekiti aliandika hivyo, nyuma ya ile barua, akanywa maji, akaondoka na mgambo wake. Mume wangu alimshukuru bibi kwa maneno mengi, naye akasema anarudi kwenye chikichi zake kabla kuku hawajazifikia. Mimi nilibaki na karaha. Nilikuwa nimeokolewa na neno ambalo yule mama wa kambini angestahili kusemewa kuliko mimi. Alilima, na vizuri, na hapakuwa na bibi wa kumsemea. Msimu uliofuata nilipotumwa tena kule nilimtafuta. Mtaa wao wa kambi ulikuwa umehamishwa, na maharage niliyakuta yamevunwa na mtu mwingine.

Hatukumtafuta tena mpangaji. Mume wangu alichukua mchoro, akaufuta kwa kifutio jioni moja mbele yangu: chumba cha tatu, cha nne, gereji, chumba cha hodhi. Vilivyobaki, vyumba viwili na sebule, tuliviezeka kwa mabati, na tukahamia binti yetu mkubwa akiwa darasa la saba. Sehemu iliyofutwa ilikuwa na kuta tayari, kwa hiyo mbuzi wakapata malazi yenye madirisha makubwa kuliko yetu. Mtu wa posta alihamishwa akaacha jengo lake kwa vichaka. Mtu wa maji bado alisubiri, na alisubiri hata baada ya magari meupe kupungua mjini.

Mwaka wa nane wa kukaa pale, barua ya uhamisho ililetwa nyumbani: Dodoma, wote wawili. Tulikuwa tumeiomba siku nyingi, tungali Katubuka, na tulikuwa tumesahau kwamba tumeomba. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama, akaiweka juu ya meza, akala ugali wake na migebuka, wale samaki wa ziwani. Alipomaliza aliniuliza mihogo ya upande wa chini itakuwa tayari mwezi gani. Nikamwambia kama miezi saba hivi. Akachukua kalamu yake ya wino mweusi, akasogeza taa, akaanza kuandika barua ya kuomba tubaki. Alipofika kwenye sababu aliinua uso na kuniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike kwamba tuna shamba.